Nitafutieni Meza, Mengine Nitajijua

Waulize wanaotaka kusomea sheria huku Marekani kituo kizuri cha kufanyia LSAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria, kikoje, watakuambia maegesho. Maegesho! Kwani gari nalo linafanya mtihani? Mwingine atasifia jengo jipya na vyoo vinavyonukia. Sawa, vinukie. Mimi swali langu ni moja tu: meza ikoje?

Maana mimi nilifanya enzi za karatasi, kabla hawajahamia kwenye tableti mwaka 2019, na nilichopewa hakikuwa meza. Ulikuwa ukumbi wa mihadhara wa chuo kimoja huku Texas, viti vimefungwa sakafuni kwa nati, ubavuni kuna kibao cha kukunjua. Sahani ya pilau haienei. Hapohapo uweke kitabu cha maswali, karatasi ya majibu ya kuweka kivuli, na kiwiko chako. Na kibao chenyewe kiko kulia, mimi naandika kwa kushoto! Bibi alinichapa utoto mzima mpaka wali ukahamia mkono wa kulia, kalamu ikagoma. Basi nikaandika kiuno kimeelekea dirishani, shingo imeelekea ubaoni. Dakika 35 kila sehemu, maswali ishirini na ushee. Nendeni mkajaribu, mtajua mgongo una pingili ngapi.

Penseli ikadondoka. Ukumbi una ngazi, kwa hiyo ilishuka moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, watu wote wameinua vichwa wanaisindikiza kwa macho, mpaka ikagota kwenye kiatu cha msimamizi. Akaitazama. Akanitazama. Akarudi kwenye bisi zake, maana baba yule alikuwa anatafuna bisi, tena zile kavu. Sisi juisi tu masharti tele: mfuko wa plastiki wa galoni moja, unaoonyesha ndani, kila kitu kikae humo. Asubuhi tulipanga foleni mifuko mkononi kama tunakwenda kununua samaki Feri.

Penseli za kubofya marufuku, saa za namba marufuku, lete ya mishale. Nikategemea saa ya ukutani. Imekufa saa nne na robo, wala hakuna anayejua ya mwaka gani.

Na usisahau ilikuwa Jumamosi, msimu wa futiboli ya kwao. Nje bendi ya chuo inafanya mazoezi, matarumbeta hayo! Nasoma hoja ya mwanasayansi, kila nikifika kwenye "kwa hiyo," ngoma kubwa inaitikia: duu!

Sasa kijana mmoja ananiambia, "Mjomba, mbona Mei 2020 watu walianza kufanyia nyumbani?" Nyumbani kwa nani? Wanataka chumba chenye mlango, usimame ukizungusha kamera waone kuta, na asiingie kiumbe mpaka umalize. Kwa Mswahili? Shangazi akisikia mlango umefungwa ndipo anakuja kuuliza kama unaumwa. Jirani analeta mbege, mtoto anataka achambishwe, preshakuka inapiga mluzi, na msimamizi kwenye kompyuta anauliza huyo mwanamke anayeita "weee, umekula?" ni nani.

Kuanzia Agosti 2023 wakaruhusu mtu achague, nyumbani au kituoni. Ukiniuliza, nenda kituoni, ila pita siku moja kabla, omba kwa adabu kuona chumba, kisha kaa. Usiangalie rangi za kuta. Kaa! Weka viwiko vyote viwili. Kimoja kikining'inia, ondoka, katafute mji mwingine.

Lakini kilichoniuma zaidi ni yale mafumbo ya kwenye mtihani wao: watu saba, viti saba, wa kwanza hataki kukaa na wa tatu, wa tano lazima awe pembeni, haya wapange. Niwapange watu saba vizuri, mimi mwenyewe kiti kimoja tu kimenishinda! Mafumbo hayo wameyaondoa Agosti 2024, wakati kiuno changu kilishapinda zamani.