Ripoti za hospitali: tuanike nini, tufunike nini?

Ikifika tarehe 7 ya kila mwezi, vituo vya afya vya Uganda vinatakiwa viwe vimeshafikisha wilayani hesabu za mwezi uliopita. Wagonjwa wa nje huandikwa kwenye fomu 105, waliolazwa kwenye 108, na magonjwa ya mlipuko yana fomu yake ya kila wiki. Tangu 2012 hesabu hizo huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo takwimu zipo, tena tele. Kinachobishaniwa ni nani azione, na yule aliyezijaza afanywe nini zikionekana mbaya.

Wako wanaotaka kila kituo kianikwe kwa jina, ili mtu ajue anakoelekea kabla hajapanda bodaboda. Hoja yao imeota hapahapa nyumbani. Mwaka 2004 na 2005 watafiti walichukua vituo 50 vya vijijini katika wilaya 9. Katika nusu yake, wananchi walipewa ripoti ya kituo chao wenyewe, wakakaa na wahudumu na kukubaliana nini kibadilike. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika maeneo hayo vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko kwingine, na wagonjwa wa nje walikuwa wameongezeka kwa asilimia 20. Matokeo hayo yalizunguka dunia nzima.

Wanaoyanukuu huwa wanaishia hapo. Takriban miaka kumi baadaye jaribio kama hilo lilirudiwa kwa upana zaidi, vituo 376 katika wilaya 16, na vifo havikupungua kwa namna ile. Namna wagonjwa wanavyohudumiwa iliboreka kidogo, basi. Mimi silioni kuwa fumbo kubwa. Kati ya majaribio hayo mawili vifo vya watoto nchini vilikuwa vimeshashuka sana, na matatizo yaliyobaki si ya kutatuliwa na kikao chini ya mwembe. Mkutano unaweza kumfanya muuguzi afike kazini mapema. Hauwezi kuleta damu ya kuongezea.

Wahudumu nao wana lao. Mkunga wa kituo cha ngazi ya tatu, ambacho ni kidogo kuliko hospitali, aliye peke yake zamu ya usiku, anazalisha, kisha anajaza rejista ya wajawazito, ya wazazi, ya baada ya kujifungua, ya chanjo. Mwisho wa mwezi yote hujumlishwa na kupelekwa juu. Kinachorudi ni simu ya kumuuliza kwa nini ripoti imechelewa. Mwambie mtu huyo kwamba takwimu zake sasa zitabandikwa hadharani, uone kama atashangilia.

Hofu yake si ya uvivu tu. New York walianza kutangaza vifo vya upasuaji wa moyo hospitali kwa hospitali mwaka 1990, na muda si mrefu wakafikia kumtaja daktari mmojammoja. Vifo vilipungua, hilo halikataliki, lakini madaktari wengine walikiri kuwakwepa wagonjwa mahututi wasije wakaharibu hesabu. Na wale walikuwa na mbinu za kitakwimu za kuzingatia ukali wa ugonjwa. Kwetu kukwepa ni rahisi zaidi: andika rufaa, ita ambulensi, kifo kikahesabiwe kwingine. Hospitali ya Kawempe pale Kampala inapokea akina mama waliokwisha kucheleweshwa mahali pengine. Ukiipanga kwa idadi ya vifo, utaiadhibu kwa kufungua mlango.

Kupanga, hata hivyo, tunapanga tayari. Wizara ya Afya hulinganisha hospitali za rufaa kwa alama za kazi: aliyelazwa huhesabiwa sawa na wagonjwa 15 wa nje, uzazi mmoja sawa na 5, chanjo sehemu ndogo tu ya alama moja. Ni kipimo kizuri cha kujua nani anabeba mzigo mzito. Lakini hakiulizi kama huyo mama alitoka mzima. Hospitali inaweza kupanda ngazi kwa kujaza vitanda, na watu wakasoma hapo ubora ambao haukupimwa kabisa.

Kisha kuna hesabu zenyewe. Kituo kilicho Busia kinachanja watoto wa pande zote mbili za mpaka; kwenye foleni yake husikika Kiswahili cha Kenya na cha Uganda, na hakuna anayeulizwa kitambulisho kabla ya sindano. Lakini idadi ya watoto wanaotarajiwa kuchanjwa hutokana na makadirio ya sensa ya upande mmoja. Ndipo unapokutana na wilaya iliyochanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Programu itakuchorea grafu safi ya rangi tatu kwa takwimu hizo bila kuona haya.

Msimamo wangu ni kwamba vifo vya kituo kimojakimoja visianikwe. Utaratibu wa sasa unataka kifo cha mama kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku 7, na mjadala huo unafaa tu pale aliyekuwepo anaposema ukweli bila kuogopa polisi wala redio. Vitangazwe kwa mkoa, inatosha. Tena penye matukio mawili kwa mwaka, kijiji kizima kinamjua marehemu ni nani, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 haikuwekwa kwa mapambo.

Ila fomu ileile ya 105 ina sehemu ya siku ambazo dawa muhimu zilikosekana. Hiyo sioni kwa nini ifungiwe nyuma ya neno la siri. Mgonjwa akiambiwa akanunue dawa ya malaria duka la ng'ambo ya barabara, ana haki ya kujua kama ilikosekana siku 2 au 20. Wahudumu watasema watatukanwa kwa dawa ambazo bohari ya taifa, NMS, haikuleta, na wana haki ya kusema hivyo. Basi karatasi inayobandikwa ukutani iwe na safu mbili: siku ambazo dawa ilikosekana, na kando yake tarehe ambayo mzigo wa bohari uliingia na kiasi kilichoshushwa dhidi ya kilichoagizwa. Karani wa takwimu anaweza kuichapa kwa Kiganda, Kiswahili au Kilugbara, kutegemea mahali. Asichokuwa nacho sasa ni ruhusa.