Wa chuo, wa ngoma na wa bodaboda: kundi la maigizo lianze na nani?

Bagamoyo ukiwakuta vijana watano wamekaa chini ya mwembe na daftari moja katikati yao, usidhani ni kikoba. Huenda kundi la maigizo linazaliwa. Ukurasa wa kwanza una majina ya kundi yaliyokatwakatwa kwa kalamu, wa pili una hesabu ya nauli. Ubishi wao wa kwanza ni ule ule wa miaka yote: nani aingie? Tuwe wa shina moja, au kila mtu aje na alikotokea?

Wanaotaka shina moja wana hoja. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, na tangu 2007 ni wakala wa serikali tunaoujua kwa jina la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Waliopita darasa moja pale wana lugha moja. Muongozaji akisema "vaa uhusika", yaani uwe yule unayemwigiza, hakuna anayeuliza avae nini. Wanajuana pia tabia: nani huchelewa, nani ukimkopesha umetoa sadaka.

Kasoro yake nimeiona kwa macho. Niliwahi kukaa kwenye mazoezi ya kundi la wanachuo watupu, na kila aliyefiwa katika igizo lile alilia kwa namna moja: mkono kifuani, macho juu, goti chini. Mama amekufa, goti chini. Mjomba amekufa, goti chini. Ilionekana wazi kwamba mwalimu wa kilio alikuwa mmoja.

Sasa angalia kundi la mseto. Jioni moja, si mbali na ufukwe, kijana wa chuo alikuwa akimwongoza binti aliyekulia kwenye mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ambaye darasa la maigizo hajalikanyaga. Anacheza mke anayekataa shamba kuuzwa. Kila akifika kwenye sentensi ya kukataa anampa mume mgongo, anatugeukia sisi tuliokaa kwenye mchanga.

"Dada, unazungumza na mumeo, si na hao."

"Mume nimeshamwambia tangu jana," akajibu. "Hawa ndio mashahidi."

Tukacheka, muongozaji naye akacheka, na mgongo ule ukabaki kwenye igizo. Chuoni wana jina la kitaalamu la jambo hilo. Yeye alilichukua uwanjani, ambako mcheza ngoma asiyewatazama watu huachwa acheze peke yake. Kwa upande wa jukwaani, basi, mimi ni wa mseto na sijifichi.

Tatizo la mseto liko mahali pengine, nalo huchelewa kuonekana. Kijana aliyecheza mume siku ile ni wa bodaboda. Katikati ya ugomvi wa shamba simu yake ikaita, mteja yuko stendi. Akavua koti la uhusika, akavaa helmeti, akaondoka. Mwingine akashika daftari akawa anamsomea mistari. Wa chuo akanuna, akasema huyu hayuko makini. Lakini huyo wa chuo anakula kwao na kulala kwao. Mwenzake asipofikisha hesabu ya mwenye pikipiki leo, kesho hana pikipiki. Tunachokiita asili ya msanii, nikikitazama vizuri, ni pamoja na swali la nani anamlisha wakati wa mazoezi.

Makundi yaliyodumu hapa mjini yalikuwa na jibu la swali hilo. Bagamoyo Players walikuwa walimu wa chuo: mazoezi yalifanyika huku mshahara unatembea. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia Bagamoyo na zeze lake, alipiga na watoto na ndugu zake. Alifariki mwaka 2003 na ukoo bado uko jukwaani, maana ugomvi wa pesa ukitokea wapo wazee wa kuuamua. Makundi yanayoundwa kwa ajili ya mradi fulani, tuseme wa kuelimisha kuhusu UKIMWI, huwa na jibu la muda tu. Posho ikikoma, fulana zinabaki kuvaliwa shambani.

Ndiyo maana nawakatalia wanaosema mseto hauwezi kudumu. Kundi la London aliloingia Shakespeare, mwandishi wa tamthilia, mwaka 1594 lilikuwa mseto haswa. Yeye ni mtoto wa mshona glavu kutoka mji mdogo, John Heminges alikuwa amepitia uanagenzi wa biashara ya vyakula, na William Kempe alikuwa mchekeshaji mwenye miguu ya ngoma. Hawakuwa ukoo mmoja. Walichokuwa nacho ni hisa: wenye hisa waligawana mapato, wengine walilipwa ujira. Kempe alipoamua kuondoka aliachia hisa yake, kundi likaendelea.

Vijana wetu huanza na jina, zikafuata fulana, halafu ukurasa wa mitandaoni. Mgawo huja siku ya malipo ya kwanza, na hapo ndipo kila mtu hurudi alikotoka. Wa chuo anataka muongozaji apate zaidi, kwa sababu amesomea. Wa ngoma anataka pasu kwa pasu, ndivyo walivyozoea uwanjani. Wa bodaboda anataka alipwe pia zile jioni alizoacha abiria, na kwa maoni yangu yeye ndiye mwenye dai zito kuliko wote, ingawa ndiye anayesikilizwa kidogo.

Wale wa chini ya mwembe walipata jina kabla ya magharibi. Nilichungulia daftari: ukurasa wa tatu umeandikwa MGAWO kwa herufi kubwa, umepigiwa mistari miwili, na chini yake hapana kitu. Waliniambia wanamsubiri mwenzao mmoja, amepeleka abiria Kaole.