Hiyo nukta nne imetoka wapi?

Jana taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilinikuta mezani, nusura nipaliwe na ugali. Bwana mmoja wa kampuni ya ujenzi, kofia ngumu nyeupe ambayo haijawahi kuona vumbi, anamweleza kiongozi aliyetembelea mradi: "Mheshimiwa, mpaka sasa tumefikia asilimia 72.4." Mheshimiwa akatikisa kichwa, karidhika. Nyuma yao katapila limezimwa ili mazungumzo yasikike.

Sabini na mbili sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hiyo nukta nne. Nani kaipima, na kwa futi kamba gani?

Nauliza kwa unafiki, maana najua inakotoka. Mimi ndiye yule binti wa kwenye kontena la ofisi, mwenye Primavera, programu ya kupangia ratiba za miradi, kwenye kompyuta na feni isiyozunguka. Kuzalisha nukta ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Programu yenyewe haina kosa. Ina namna tatu za kuhesabu asilimia ya kazi: kwa muda, kwa nguvu kazi na vifaa vilivyotumika, au kwa kazi yenyewe inayoonekana kwa macho. Hiyo ya tatu inamtaka mtu avae buti akaangalie. Kwa hiyo kisia ipi inapendwa.

Ya muda, bila shaka. Kazi ya siku 30, zimebaki siku 3, basi asilimia 90. Ukiiacha programu isogeze tarehe yenyewe, kazi inajikamilisha huku mafundi wamekaa chini ya mwembe wanasubiri nondo. Na wapo wanaohesabu kwa pesa, hao ndio kiboko. Nunua mitambo mapema, iache bandarini kwenye maboksi yake, hela imeshatoka, asilimia imepanda, wananchi wanapiga makofi na hakuna hata jiwe lililosogea. Halafu ile namba inasomwa kwenye kipaza sauti kana kwamba ni ya mizani ya duka la nyama.

Kwenye mradi mmoja wa barabara, siutaji wala msiniulize kwenye maoni, tulikuwa kwenye kikao cha saiti cha kila wiki. Ratiba iko ukutani kwa projekta, mistari zaidi ya elfu, rangi utadhani kanga za Idd. Fomeni wetu, mzee aliyeanza kusuka nondo kabla mimi sijazaliwa, akanyanyua kidole.

"Binti yangu, hiyo kijani pale kwenye kalavati namba 7 ni ya nini?"

"Ni kazi iliyokwisha, mzee."

"Imekwisha?"

"Ndivyo ratiba inavyosema, mzee."

"Haya. Basi ratiba itangulie kupita juu yake, sisi tutafuata."

Kikao kizima kikacheka, mimi nikaomba ardhi inimeze. Pale namba 7 palikuwa na shimo, maji ya mvua na vyura.

Ratiba ile ilitengenezwa ofisi ya mbali, na mtu ambaye nadhani ni mtaalamu kweli. Lakini alipoweka kalenda, aliweka Jumamosi na Jumapili mapumziko, akaweka Krismasi, akasahau masika. Masika nzima! Machi mpaka Mei kazi za udongo zinakwenda siku tano kwa wiki kama vile tupo jangwani. Idd nayo haikuwemo, na hata ingekuwemo, Idd inasubiri mwezi uandame, programu haijui kusubiri mwezi. Kalenda unaweza kuibadilisha kwa dakika tano. Nilipoomba kuibadilisha nikaambiwa ratiba imeshakubaliwa na mhandisi mshauri, nisiiguse, kwa sababu siku tukidai kuongezewa muda hiyo ndiyo itakuwa ushahidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumbe ile haikuwa ratiba ya kujengea barabara. Ilikuwa jalada la kesi ambayo bado haijafunguliwa.

Kuna wale watakaosema huu ni ugonjwa wetu Waafrika. Someni habari za reli ya chini kwa chini ya London, Crossrail. Wale walikuwa na kila programu na kila mtaalamu. Mahandaki walimaliza kuyachimba 2015, sehemu iliyoonekana ngumu kuliko zote. Treni zilitakiwa kuanza Desemba 2018, na mpaka mwezi Agosti wa mwaka huohuo ndipo wakatangaza kwamba haitawezekana. Zikaanza Mei 2022. Kilichowachelewesha ni yale ya mwishoni: stesheni, mifumo ya ishara, majaribio. Yaani ile asilimia kumi ya kumalizia, ambayo kwenye ratiba inakaa kona ya kulia kama mkia wa mjusi.

Kwetu bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilitakiwa likamilike Juni 2022. Maji yakaanza kujazwa Desemba ya mwaka huo, mtambo wa kwanza ukaingia kazini 2024. Leo lina mitambo 9 na megawati 2,115, na mimi nalionea fahari, tusielewane vibaya. Ninachouliza ni zile asilimia tulizokuwa tunasomewa kila ziara: je, zilimsaidia mtu yeyote kujua umeme utawaka lini?

Mzee fomeni akisikia haya ananiambia reli ya TAZARA ilijengwa bila kompyuta, kilomita 1,860, ikakabidhiwa 1976. Sawa, mzee, hapo umenibana. Ila TAZARA ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, na wengine hawakurudi makwao. Makaburi ya Wachina yako Gongo la Mboto mpaka leo. Sitaki kurudi huko. Na nikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba programu hizi zinaonyesha kitu ambacho kichwa cha mtu mmoja hakiwezi kukibeba: ule mlolongo wa kazi ambao ukiteleza siku moja, mradi mzima unateleza siku moja. Michoro ya pande tatu inayoonyesha bomba limepita katikati ya nguzo kabla zege halijamwagwa, hiyo pia naiheshimu. Droni za kupiga picha za ziara, hapana.

Basi nikafanya jaribio. Nilimpa mzee kishikwambi, nikamwambia hakuna mstari utakaogeuka kijani mpaka yeye atume picha. Alilalamika siku mbili kuhusu miwani yake, siku ya tatu akawa ananitumia picha mpaka za mchanga. Mwisho wa wiki nikahesabu kwa macho, si kwa muda. Mradi ukashuka kutoka asilimia 64 hadi 51.

Simu ya bosi iliingia kabla sijamaliza chai.

"Injinia, umetushusha?"

"Sijashusha, bosi. Nimehesabu."

Kimya. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kama siwezi kutengeneza nakala mbili: moja ya kwetu, na nyingine ya wageni, kwa sababu kulikuwa na ziara wiki mbili mbele. Nilitengeneza. Nina watoto wawili, ada haisubiri, nanyi msijifanye mngekataa.

Kalavati namba 7 tulilimwagia zege mwezi Juni, mvua ilipokatika. Mzee alituma picha kumi na nne. Kwenye nakala ya wageni lilikuwa limekwisha tangu Februari.