Sinia Bado Kijana

Jana nimelala saa tisa usiku kwa ajili ya kiputo. Tena kiputo cha maneno, kile cha kwenye katuni, chenye mkia unaoelekea mdomoni.

Aliyeniponza ni binti wa dada yangu. Kanirushia video ya baba mkubwa akicheza shereheni: "Anko, wewe si fundi wa kompyuta? Muwekee babu maneno yachomoze." Fundi! Siku ile nilipochomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, cheo kikaniganda.

Basi nikavaa miwani, nikakaa kama hakimu. Kiputo cha kwanza kikaja na sanduku jeupe nyuma yake, utadhani baba mkubwa kaangukiwa na jokofu. Kumbe picha ya aina ya JPEG haina habari na uwazi, haiwezi kuonyesha kilicho nyuma yake, tafuta ya aina ya PNG. Haya. Nikakichomoza kutoka ukubwa wa 0 hadi asilimia 110, kikarudi 100, kikadunda vizuri. Ila kilikuwa kinavimbia katikati kama jipu, mpaka nilipohamisha nanga yake, pale kinapoanzia kukua, kwenye ncha ya mkia. Habari za fonti naomba tusiongee.

Sasa kimfuate mwenyewe. Programu inataka uweke kiboksi juu ya kitu, yenyewe ikisake kitu hichohicho fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Nikakiweka kwenye paji la uso. Kosa. Paji la baba mkubwa siku hizi limefika kisogoni, laini, linang'aa, halina hata alama ya kushika. Kiboksi kikateleza mpaka sikioni, kiputo nacho nyuma yake. Nikahamia pembe ya miwani. Hapo pakashika! Baba mkubwa akiinama, kiputo kinainama, akiyumba, kinayumba: "Mimi bado kijana!" Nikapiga makofi peke yangu.

Akapita jamaa na sinia.

Sekunde moja tu, mbele ya uso. Kiboksi kikaiacha miwani, kikakamata ukingo wa sinia, na kiputo hicho! Kikavuka ukumbi, kikapita juu ya watu waliokaa, kikatoka mlangoni. Baba mkubwa kabaki mdomo wazi hana la kusema, sinia ndilo linalotangaza kuwa bado kijana. Nikafuta, nikarudia. Likaondoka nacho tena. Mara ya nne nilikuwa nimesimama naifokea kompyuta: "Huyo siye! Huyo ni sinia!"

Ikabidi mkono. Sekunde sita, fremu 25 kila sekunde, hizo ni 150. Kila baada ya fremu tano naweka nukta ya kuiambia programu kiputo kikae wapi, nasukuma kiputo kwa kipanya kama mtu anayeswaga kondoo mmoja mjinga. Kuitoa video iliyokamilika kwenye programu kukakwama asilimia 99, wala sishangai, maana hiyo moja ya mwisho huwa haina haraka na mtu. Asubuhi natuma, najibiwa: "Asante Anko! Ila ungeiweka wima, ya simu."

Wima! Nukta zote zile!

Ila kuna jambo moja. Yule jamaa wa sinia ni nani? Nimemtazama usiku kucha, kiwiko chake nakijua kuliko changu. Nimemuuliza dada, anasema ni wa upande wa shemeji. Shemeji anasema ni wetu. Na nimemkuza mpaka asilimia 400: sinia lenyewe halina kitu.