Mnapotuma mmisionari Zambia, mpeni na daftari la nyumba

Barua ya maombi kutoka kwa familia ya misheni kusini mwa Afrika husomwa kanisani baada ya matangazo, na sura yake karibu kila mara ni ileile. Asubuhi maji hayakutoka. Mkate haukuiva kwa sababu umeme ulikatika. Gari likapata pancha mbili njiani kwenda kwenye ibada ya kijijini. Mtoto kaota majipu mgongoni. Jioni nyoka kaonekana kwenye banda la kuku. Washarika wanaguna kwa huruma, wanacheka kidogo, kisha wanaombwa wawakumbuke ndugu zetu katika mapambano ya kila siku. Wanawakumbuka kweli. Mwaka unaofuata inasomwa barua nyingine, na pampu iliyokufa ni ileile.

Hapo ndipo ninapokasirika. Tunayaita majaribu mambo ambayo fundi yeyote wa Choma au Mpika, miji ya huko Zambia, angetuambia yatatokea mwezi gani na kwa nini. Familia inavuka mpaka pale Tunduma ikiwa na Biblia, magodoro na baraka za kanisa zima, inakabidhiwa funguo za nyumba iliyojengwa na watu waliokwisha kuondoka, na hakuna daftari wala karatasi hata moja inayosema kisima kina kina gani.

Tuanze na maji, maana siku ikiharibika huharibikia hapo. Sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutokana na maji, na ukame wa 2024, uliotangazwa kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari mwaka huo, ulilishusha Ziwa Kariba hadi mitambo ikakosa cha kuizungusha. Umeme ukawa wa mgawo, na mara nyingi ulirudi usiku wa manane. Saa hiyo wenye nyumba wamelala. Kama pampu inawashwa kwa mkono, basi umeme umekuja na umekwenda, tenki liko vilevile. Dawa yake ni boya ndani ya tenki linalowasha na kuzima pampu lenyewe. Ni kifaa kidogo, lakini ndicho kinachoamua kama mama ataamkia jikoni au ataamkia kisimani na ndoo.

Lakini boya peke yake linaweza kuiua pampu, na hili wengi hawaambiwi. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi huyumba: unashuka chini sana, unapanda ghafla, unakatika tena. Mota ya pampu iliyo chini kisimani ikijaribu kuanza kwa umeme dhaifu, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, na kapasita au koili inaungua. Kwa hiyo kabla ya pampu lazima kiwepo kifaa kinachokata umeme ukiwa chini au juu ya kiwango, na kinachosubiri kama dakika tano umeme utulie ndipo kiruhusu. Wakati wa ukame kuna hatari ya pili: maji ya chini ya ardhi yanashuka, pampu inayavuta haraka kuliko yanavyoingia, inaanza kuvuta hewa. Pampu ya kuzamisha hupozwa na kulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ikizunguka bila maji, inaharibika kwa dakika chache. Njia rahisi ni kubana koki ya pale juu kisimani ili maji yatoke kwa kasi ambayo kisima kinaimudu, na kufunga kinga inayozima mota maji yakiisha.

Tena kuna wizi wa usiku usio na mwizi. Tenki limejaa jioni, bomba zote zimefungwa, asubuhi limepungua hadi robo. Kagua mawili. La kwanza ni choo: mpira wa chini ya tangi la choo ukichakaa, maji huteremka kwenye bakuli bila sauti, mamia ya lita kwa siku. Tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi, usivute maji, subiri nusu saa. Ukiona rangi bakulini, umempata. La pili ni ile vali ya kuzuia maji yasirudi kisimani. Bomba la kujazia likiwa limeingilia chini ya tenki na vali hiyo imeliwa na mchanga, maji yanarudi yalikotoka usiku kucha. Tega sikio kwenye bomba pampu ikiwa imezimwa, utayasikia yakiteremka.

Kuitoa pampu si kazi ya mtu mmoja. Ikiwa imening'inia mita 50 kwa bomba lenye tundu la milimita 32, maji yaliyomo bombani tu yana kilo 40 hivi, bado bomba lenyewe, waya, kamba na mota. Watu wanne, na mmoja asimamie waya usichubuke kwenye mdomo wa kisima, maana mchubuko huo ndio utakaoitoa tena baada ya mwezi. Sasa fikiria familia inayofanya haya bila kujua kama ni mita 30 au 70, kwa pampu ya nguvu gani, iliyofungwa mwaka gani. Fundi anakuja kubahatisha, anarudi mjini kutafuta vipuri, siku mbili zimekwisha. Na majirani waliozoea kuchota pale, na hiyo ni haki yao, nao wanarudi mtoni.

Yale majipu mgongoni mwa mtoto yametoka hukohuko kwenye mgawo wa umeme. Yule inzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani. Buu likitoka huingia kwenye ngozi ya anayeivaa nguo ile. Pasi ya moto huua mayai, lakini pasi ya umeme hula wati 1,000 na zaidi, na betri moja ya akiba, ile ya kuongezewa maji, ya volti 12 na ampea-saa 200 haipaswi kutolewa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 1,200 kwa nyumba nzima. Kwa hiyo pasi inaachwa. Basi inunuliwe pasi ya mkaa, mkaa utoke kwenye mbaula, lile jiko la mkaa ambalo nyumba nyingi za Zambia zinalo, na nguo zipigwe pande zote mbili, hasa kwenye mishono na kwenye mpira wa kiunoni. Isipowezekana, nguo zikae wiki mbili kabatini kabla ya kuvaliwa. Jipu likishatokea, lipakwe mafuta mazito ya mgando lizibe kabisa. Buu litajitokeza kutafuta hewa, ndipo ngozi ibanwe taratibu pande zote mbili. Lisivutwe kwa nguvu likakatikia ndani.

Na nyoka yule wa banda la kuku? Kama ni swila akamtemea mtu machoni, tiba ya kwanza ni maji safi, mengi, yanayomiminwa bila kukoma kwa dakika 15 au zaidi huku jicho likifunuliwa, kisha hospitali. Familia yenye tenki tupu itamwosha mtoto macho kwa maji gani? Hapa sioni cha kuchekea. Dumu la lita 20 lililojaa na kufungwa, lisiloguswa kwa kupikia wala kufulia, lingetosha.

Sisi tunamjua mmisionari Livingstone wa Ujiji na wa Bagamoyo, maiti mabegani mwa wenzake. Kabla ya hapo alikuwa baba wa nyumba huko Kolobeng, Botswana ya leo, kuanzia 1847, pamoja na mkewe Mary, binti wa Moffat wa Kuruman. Ratiba yao aliiandika mwenyewe: shule mpaka saa tano, kisha mke akashughulika na mambo ya nyumbani. Maneno machache tu. Ndani yake mna mkate uliookwa kwenye shimo la kichuguu na jiwe likiwa mlango, na sabuni iliyochemshwa mwezi mzima hadi wiki sita, maana majivu ya kuni za kule yalikuwa hafifu. Mto ulipokauka, nani alijua maji ya kufulia yanatoka wapi? Mary. Na barua zetu za leo bado zinaificha kazi hiyohiyo, ya mama mchungaji na ya msaidizi wake, chini ya neno "changamoto".

Gari nitaligusa tu. Pancha ya pili kwa kawaida ni mwiba wa ile ya kwanza: tyubu imezibwa, mwiba umebaki ndani ya tairi. Papasa ndani kwa kitambaa kabla ya kurudisha. Beba ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuwekea jeki kwenye mchanga, pima upepo wa tairi la akiba, kaza nati tena baada ya kilomita 50.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba barua zile huwafanya watu watoe sadaka, na kwamba hakuna daftari linaloongeza maji Kariba. Homa ya mtoto usiku nayo haingoji ratiba. Lakini sadaka ile iende wapi? Sijawahi kusikia fungu la matengenezo likisomwa kwenye bajeti ya safari. Nasikia nauli, vitabu, vipaza sauti.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo unaandikwa leo, na anayeondoka, akiwa bado na funguo mfukoni: kina cha kisima, kina cha pampu, nguvu ya mota, tarehe iliyofungwa, koki kuu iko upande gani wa nyumba, betri ziliongezwa lini maji ya betri (yasiwe ya kisima), nani wa jirani aliyesaidia kuivuta pampu mara ya mwisho na anapatikana wapi. Jina la huyo jirani liwe juu kabisa.