Ukiwa na jouli 16 tu, chukua risasi ndogo

Kijana mmoja wa Mombasa, ambaye kama mimi sasa anaishi Uingereza, alinipigia simu akiwa dukani. "Kaka, nina bunduki mbili za upepo mbele yangu, moja ya risasi za kipenyo cha milimita 4.5 na nyingine ya 5.5. Nataka ya kulenga shabaha za mbali. Nichukue ipi?" Kwa sauti tu nilijua moyo wake umeshakwenda kwenye 5.5. Nikamuuliza kama ana cheti cha silaha cha polisi. Hana. Nikamwambia achukue ndogo.

Akanyamaza kidogo, akauliza kama nina uhakika. Ninao, na ningependa kueleza kwa nini, maana swali hili naulizwa mara kwa mara na karibu kila anayeuliza huanzia pabaya. Huanza na ukubwa wa risasi. Cha kuanza nacho ni nguvu: bunduki yako inaruhusiwa kuisukuma risasi kwa jouli (kipimo cha nguvu) ngapi?

Aliyewahi kushika manati utotoni analijua jambo hili kwa mkono wake. Mpira ni uleule, na mkono unaovuta ni uleule. Ukiweka kokoto, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye embe. Ukiweka jiwe zito, inabidi ulenge juu ya tawi, na bado linaweza kuangukia chini ya mti. Sasa, sheria ya hapa imetukatia mpira. Bunduki ya upepo ya kushikiliwa begani isiyohitaji cheti cha silaha haipaswi kuzidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na kidogo. Mwenye umri wa miaka 18 anaweza kuinunua England na Wales, lakini Scotland tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata hiyo inahitaji cheti chake. (Msomaji aliyeko Mombasa au Tanga asinitumie mimi kama mwongozo wa sheria. Aanzie kituo cha polisi kabla hajatoa hela.)

Kwa jouli hizo 16, risasi ya 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547, ambao ni uzito wa kawaida kabisa kwa wanaoshindana, hutoka mtutuni kwa takriban mita 244 kwa sekunde. Ya 5.5 yenye gramu 1.03 hutoka kwa mita 178. Nguvu ni sawa, mwendo si sawa. Na kitu kinachochukua muda mrefu zaidi hewani huvutwa chini na ardhi kwa muda mrefu zaidi.

Nilipiga hesabu hii kwa kalamu nikimfikiria kijana wangu. Tuseme hewa haizuii chochote. Kufika mita 50, risasi ndogo inashuka sentimita 21 hivi, kubwa inashuka karibu 39. Wengi hapo hunijibu kwamba kushuka si tatizo, unarekebisha darubini ya bunduki tu. Sawa, ukiujua umbali. Lakini katika mashindano ya hapa yanayoitwa Field Target, ambayo ndiyo aliyokuwa anayataka, shabaha zimetawanywa porini kati ya yadi 8 na 55, na hakuna anayekuambia umbali. Unaukadiria mwenyewe kwa kuzungusha gurudumu la darubini mpaka picha itulie. Tuseme umekosea kidogo: shabaha iko mita 50, wewe umerekebisha kwa mita 45. Risasi ndogo itapiga sentimita 2 chini ya ulipolenga. Kubwa itapiga karibu sentimita 4 chini. Duara la kuangushia shabaha ya mbali lina upana wa milimita 40, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 2. Wa 4.5 amegusa ukingo na bado ana tumaini. Wa 5.5 amekosa kabisa, na hakutikisika wala hakuvuta vibaya. Ukiongeza kizuizi cha hewa, ambacho hakikosekani, hali inakuwa mbaya zaidi kwa wote wawili.

Ndiyo maana ukipita kwenye mstari wa walengaji siku ya mashindano, bunduki karibu zote ni 4.5. Hao ni watu waliopoteza pointi nyingi kabla ya kufika hapo.

Wapenzi wa 5.5 wana hoja moja nzuri, nami siwezi kuificha: upepo wa pembeni. Nilipoanza nilidhani risasi yenye kasi lazima isukumwe na upepo kidogo kuliko ya polepole, kwa kuwa inakaa hewani muda mfupi. Mzee mmoja klabuni ndiye aliyenirekebisha, kwa upole, huku akinichorea kwenye kifuniko cha kopo la risasi. Upepo hauhesabu muda wote ambao risasi iko hewani. Unahesabu muda uliopotea, yaani tofauti kati ya muda halisi na muda ambao ingetumia kama isingepungua kasi hata chembe. Risasi nzito hushikilia kasi yake vizuri zaidi, kwa hiyo 5.5, pamoja na uzembe wake wa kutoka mtutuni, kwenye upepo hukaribiana na 4.5, na pengine huipita kidogo. Mimi bado nachagua ndogo, kwa sababu kosa la umbali hunipata kila wiki, na upepo angalau unaweza kuusoma kwenye majani na kusubiri upungue.

Mwenye cheti, mpira wake wa manati haujakatwa, na hapo jibu langu linageuka lote. Risasi ya milimita 6.35 yenye gramu 2.2, ikitoka kwa mita 270 kwa sekunde, inabeba jouli 80. Inakwenda kwa kasi kuliko ile ndogo yetu na ina uzito mara nne yake. Huko Arizona, Marekani, kwenye mashindano ya Extreme Benchrest ambako watu hulenga karatasi iliyoko yadi 100, kuleta 4.5 ni kujitesa. Huko ni 6.35 na hata 7.62, na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa hadi bar (kipimo cha shinikizo) 200 na zaidi. Lakini hata huko kuna dari. Risasi hizi zenye kiuno chembamba na sketi nyuma huanza kuyumba zikikaribia kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde. Ukitaka kutumia nguvu zaidi unaongeza uzito, huongezi mwendo, na kuongeza uzito ni kuongeza kipenyo. Huko ndiko kaliba kubwa, yaani kipenyo kikubwa cha risasi, inakostahili sifa zake.

Na anayelenga mita 10 ndani ya ukumbi hana haja ya kusoma yote haya. Tangu mchezo huo uingie Olimpiki mwaka 1984 ni 4.5 tu, na alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita.

Linaloniuma ni kuona watu wanamaliza mwezi mzima kuchagua kaliba, kisha wananunua kopo la kwanza la risasi wanaloliona. Lugha yetu ina neno moja kwa madini ya risasi na kwa kitu kinachotoka mtutuni, na hapo ndipo siri ilipo. Madini yale ni laini, na kila mtutu huyashika kwa namna yake. Vichwa vya risasi za 4.5 huuzwa kwa 4.50, 4.51 na 4.52, na tofauti hiyo isiyoonekana kwa macho imenitolea kundi la tundu tano lililofunikwa na sarafu ndogo, kisha kwa kopo jingine, bunduki ileile, asubuhi ileile, tundu zilizotapakaa kama mtama uliomwagika.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: 4.5, na usitoke dukani bila makopo manne ya aina tofauti. Jumapili njoo klabuni mapema kabla upepo haujaamka, tuweke karatasi mita 45, upige tano tano kutoka kila kopo. Nikamkumbusha pia kwamba jouli 16 zinatosha kumuua mtoto, kwa hiyo bunduki isafiri bila risasi ndani, kwenye mfuko uliofungwa, na nyumbani ikae chini ya kufuli.

Alikuja. Kopo la tatu, la bei ya chini kuliko yote, ndilo mtutu wake ulilolipenda.