Shamba la Isyonje Lenye Chumvi Kuliko Bahari

Mzee mmoja wa Isyonje alileta udongo wa shamba lake la viazi kwenye maabara ninayofanyia kazi hapa Mbeya, halafu akagoma kuondoka. Alitaka aione kwa macho yake hiyo mashine inayoonja udongo. Nikamwambia lazima kwanza ukaushwe, uchekechwe, utikiswe na dawa, uchujwe. Akaaga. Siku ya kipimo nilimkuta mlangoni, kanitangulia.

Mashine yenyewe ni flemu fotomita. Nikamweleza: kimrija hiki kinafyonza maji ya udongo, yanapulizwa yawe ukungu, yanachanganyika na gesi na hewa, yanaingia motoni. Madini yakipata joto yanatoa mwanga, kila moja na rangi yake: sodiamu njano, potasiamu zambarau hafifu. Kichujio kinapitisha rangi moja tu, ya sodiamu ni ile ya nanomita 589, na nyuma yake kuna jicho la umeme linalopima ukali wa mwanga. Kisha tunalinganisha na maji ambayo kiwango chake tunakijua. Hata hospitali zilipima sodiamu na potasiamu za damu kwa njia hii kwa miaka mingi.

"Kwa hiyo moto unasema?"

"Unasema, mzee."

Siku hiyo ulipiga kelele. Kimrija kilipogusa sampuli yake, mwali wa buluu uligeuka njano ya kiini cha yai la kienyeji, namba zikapanda mpaka mashine ikagoma kusoma. Nikazimua mara kumi. Bado.

Mkuu wa maabara akaitwa. Mshukiwa wa kwanza akawa kijana wa fildi, maana alikutwa na gunzi la hindi la kuchoma, lile la kupakwa chumvi na pilipili, ndani ya mfuko wa koti jeupe. Na kweli sodiamu ni balaa, kidole chenye jasho tu kinatosha kuvuruga kipimo. Kijana akanawishwa kwa maji yasiyo na madini mpaka viganja vikakunjamana. Tukapima maji matupu: mwali buluu safi. Tukarudisha udongo wa mzee: njano.

Mkuu akashusha miwani. "Pole sana, mzee. Kwa chumvi hii kiazi hakioti."

"Hakioti? Mkeo juzi kanunua debe zima kwangu, pale Mwanjelwa!"

"Labda zamani bahari ilifika," akachokoza kijana wa fildi, bado ana kisirani cha kunawishwa.

"Bahari gani? Hata Ziwa Nyasa maji yake tunakunywa!"

Ndipo nikaokota mfuko aliojia nao ule udongo. Maandishi yamefifia, ila yanasomeka: CHUMVI YA MIFUGO.

"Niliukung'uta!" akasema mzee.

Tukamwomba alete udongo mwingine, mfuko usiwe wa chumvi. Akauleta. Sodiamu ikatulia, nikashusha pumzi. Nikaweka kichujio cha potasiamu, ambayo ndiyo tuliyoitaka tangu mwanzo, maana viazi vinaipenda mno. Kwa macho mwali haukubadilika, lakini namba zikapaa tena. Safari hii sikumwita mkuu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko: wa mbolea, NPK, na hiyo K ndiyo potasiamu yenyewe.

Mzee akakunja uso. "Sasa mnataka niulete kwenye nini? Kwenye viganja?"

"Usithubutu, mzee!" kijana wa fildi akaruka. "Viganja vina jasho!"